Docteur wa Mubirizi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku kubwa! Nimenunua dagaa wa ziwani, ndagala za kukaanga, sokoni Baraka, na mama muuzaji akanifungia katika karatasi mbili za kazi ya mwanafunzi fulani wa université. Ukurasa wa 41 na wa 42. Kifaransa kizito, cha watu waliosoma. Ndagala nimezila nimesimama, karatasi nimezisoma mara nne. Mafuta yamefuta maneno machache tu, pembeni.

Habari yenyewe ni hii. Walichukua panya, wakawanywesha maji ya mubirizi kwa siku kadhaa, kisha wakawapa sumu ya kiwandani inayoharibu maini. Panya waliokunywa mubirizi, maini yao yaliharibika kidogo. Wasiokunywa, maini yao yaliisha kabisa! Ndani ya jani kuna kitu kinaitwa lutéoline, ndicho kinacholinda. Na mubirizi si mti wa ajabu. Ni ule mti mchungu uliojaa kwenye nyua za watu hapa, tunaounywa tukisumbuliwa na minyoo. Miaka yote hii tumewapa minyoo utajiri wetu.

Ukurasa wa 42 unaishia na maneno "Hata hivyo, ni lazima". Ukurasa wa 43 umeondoka na ndagala za mteja mwingine. Si neno. Mambo makubwa yalikuwa yameshasemwa.

Sasa nasema wazi, maana daftari hili halisomwi na mtu. Wilfried, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa wetu, anaitwa Docteur na kila mtu. Docteur! Muuguzi! Mimi nimesoma Biochimie mpaka mwaka wa mwisho wa sekondari, nikaukosa mtihani wa serikali mara mbili tu, na mara ya pili ilikuwa malaria. Inaniuma. Kabla ya mvua kurudi, Baraka nzima itaniita Docteur Dieumerci.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimeamkia kwa jirani zetu Warundi, Juvénal na mkewe Consolate. Wanalima nyanya karibu na mto Mutambala, na ua wao mzima ni mubirizi. Nimemwomba Consolate majani. Akaniuliza kama nina minyoo. Nimemjibu kwamba ni mambo ya sayansi. Akasema nichume tu, ila nisikate matawi, mbuzi watapita. Nimekata matawi matatu. Sayansi ina haraka.

Nimetwanga, nimechuja. Maji ya kijani, yenye povu. Kwa bahati mbaya kikwembe, kile kitenge nilichochujia, kilikuwa cha kwaya, cha mke wangu Florentine, mama wa mtoto wetu Divine. Amelalamika mpaka adhuhuri. Nimempa kikombe aonje, amekitemea mlangoni.

Majaribio: nimekamata panya mmoja nyuma ya gunia la muhogo, nikamnywesha kwa kijiko. Ameniuma kidole na kukimbia kwa nguvu ambazo sijapata kuziona kwa panya. Matokeo mazuri sana.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Kibao kimesimama! Nimekichora mwenyewe kwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye mtumbwi wa shemeji. Florentine alishauri niandike kwa Kiswahili ili watu waelewe. Ndiyo shida ya kuishi na mtu asiye na maono. Kiswahili ni cha kuuzia mihogo. Dawa ya kweli inaandikwa Kifaransa. Nimeandika hivi:

ICI PROTECTION DE LA FOI. Dr DIEUMERCI, BIOCHIMISTE. CHAQUE MATIN.

Yaani hapa ni kinga ya maini, kila asubuhi. Herufi zimenyooka. Nimetembea mpaka upande wa pili wa barabara ili nikisome kutoka mbali. Nimekisoma mara nyingi.

Mteja wa kwanza: Juvénal mwenyewe. Mtu mpole, mwenye kumcha Mungu, asiyepita bila kusalimia. Mgongoni amebeba pompe yake ya kupulizia nyanya. Ile dawa ya wadudu huwa anainunua kwenye chupa ya soda, haina jina, inatoka ng'ambo ya ziwa na inanuka hata ikiwa imefungwa. Huvaa koti la mvua na kitambaa cha pua alichoshonewa na Consolate. Akasimama mbele ya kibao, akakisoma taratibu, akavua kofia. Akavua kofia! Wilfried hajawahi kuvuliwa kofia. Juvénal akaniuliza kama kweli nina uwezo wa kulinda kitu kama hicho. Nimemwambia ninao, kikombe kimoja kila asubuhi, na hakuna sumu itakayomgusa. Akanywa na kufumba macho, midomo ikichezacheza. Uchungu, nadhani.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Watu! Baada ya ibada wamekuja kumi na wawili, nguo za kanisani bado mwilini. Sikujua mji wetu una maini mabovu kiasi hiki.

Maswali yao ni ya ajabu kidogo, lakini nimeyajibu yote. Mama mmoja akauliza kama inafaa kufunga kabla ya kunywa. Nimemwambia ndiyo, tumbo tupu ni bora zaidi. Mwingine akauliza kama aje na Biblia. Nimemwambia haina madhara. Mwingine akalia, akasema ya mwanawe imepotea kabisa tangu aende kwenye machimbo ya Misisi. Nimemweleza kwamba haiwezi kupotea kabisa, daima kipande hubaki, na kinaweza kukua tena. Akanishika mikono na kuibusu.

Halafu akafika Pasta Patrice, mwenye kanisa la pale kona, hana furaha. Akaniuliza kwa Kifaransa ni nani amenituma kulinda la foi ya kondoo wake. Sikujua kwamba anafuga. Nimemjibu kwamba kondoo pia wanaweza kunywa, nusu kikombe. Akauliza mamlaka yangu yanatoka wapi. Nimesema ukurasa wa 41. Akauliza wa kitabu gani. Nimesema cha université. Ameondoka akitikisa kichwa. Wivu tu. Mtu akipanda, kila mtu anataka kujua ngazi aliitoa wapi.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Nimeshuka shambani kumwona Juvénal, maana yeye ndiye ushahidi wangu mkubwa. Mtu anayepuliza sumu mara mbili kwa wiki, akanywa mubirizi wangu, akabaki mzima: nani atauliza diploma?

Nimemkuta katikati ya nyanya, pompe mgongoni, uso wazi! Hana kitambaa, hana koti, mikono mitupu. Ukungu wa dawa unamrudia usoni na yeye anaimba. Consolate amesimama pembeni na kile kitambaa mkononi, anamsihi avae. Nimesimama karibu kusikia.

"Mama Nella, mi nakunywaka kikombe kila asubui," Juvénal akamwambia. "Juu ya nini nifunike pua tena? Kufunika, njo kukosa imani."

Nimeguswa. Kusema kweli macho yamenilowa, ingawa pengine ni ule ukungu. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniamini namna hiyo. Consolate akanigeukia, akaniomba nimwambie mumewe avae. Nimefikiri haraka. Akivaa kitambaa, na akabaki mzima, watasema ni kitambaa. Nimemwambia Consolate kwamba sayansi haipendi kuingiliwa.

Nimerudi nyumbani haraka. Harufu ilikuwa inanikaba.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Siku mbaya. Wilfried amepita na pikipiki yake, akafunga breki mbele ya kibao changu na kuanza kucheka. Amecheka mpaka akashuka na kukaa chini kandokando ya barabara. Watu wakakusanyika. Nimemwuliza kwa heshima kama anaumwa.

Akasema maini kwa Kifaransa ni "le foie", ya kiume, na mwisho ina herufi e. "La foi" bila e ni imani. Yaani wiki nzima nimetangaza kwamba hapa kwa Dieumerci tunalinda imani! Kila asubuhi! Kwa kikombe!

Nimeingia ndani na kufunga mlango. Kwa hiyo Biblia. Kwa hiyo yule mama wa Misisi. Kwa hiyo kondoo. Florentine ameniangalia tu huku akichambua maharage, na kuangalia kwake ni kubaya kuliko kusema.

Rangi ya bluu bado ipo. Nafasi ya e pia ipo, ukiibana. Nimeshika brashi, nimetoka mpaka kwenye kibao. Nje walikuwa wanangoja watu tisa, na mmoja wao akaniita Docteur. Nimerudisha brashi.

Nimelipima jambo hili kama msomi. Wanakuja kwa ajili ya imani, wanapata maini. Si wamepata zaidi ya walichokifuata? Nikiongeza e, nitawapoteza wote na Wilfried atakuwa ameshinda. Na tena, ni nani anayeumia?

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Juvénal amekuja amechoka. Anasema miguu mizito, chakula hakipiti, jana ametapika mara tatu. Kichwa kinamgonga kila akitoka kupuliza. Nimemwambia hiyo ndiyo sumu inatoka. Dawa inaisukuma, sumu inakasirika, basi vurugu lazima ziwepo. Maelezo yamenijia yenyewe, bila ukurasa wowote! Nimejistaajabia.

Aliniuliza polepole kama pengine imani yake ni haba. Hapo ndipo ningeweza kumwambia habari ya ile e. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini nyuma yake alikuwa amesimama Pasta Patrice, amekuja kunisikiliza, na mbele ya Pasta siwezi kusema kwamba sijui kuandika.

Nimemwambia Juvénal aendelee hivyohivyo. Amekunywa, ametapika kwenye maua ya Florentine, ameniomba msamaha, amekwenda kupuliza.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Consolate amekuja mbio, miguu mitupu. Mumewe hasimami. Nimechukua kikombe changu nikamfuata. Juvénal yuko mkekani, macho yamegeuka rangi ya mawese. Mkojo wake, Consolate akanionyesha, ni kama chai kavu isiyo na maziwa. Mtoto wao Nella amejibanza mlangoni, ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Nikaanza kueleza kwamba manjano ni rangi ya sumu inapokimbilia nje kupitia machoni. Consolate hakuniacha nimalize. Amekitwaa kikombe mkononi mwangu na kukimwaga.

"We Baba Divine, toka! Mi nilikuombaka umwambie avae, ukakataa! Ule mutu anakufa, we unatuletea majani!"

Wilfried akafika na pikipiki yake. Hakucheka leo. Amemwinamia Juvénal, amevuta ngozi ya chini ya jicho, ametaka kuiona ile chupa ya soda, ameinusa mara moja tu na kugeuza uso. Wamemfunga Juvénal kwa kikwembe mgongoni mwa Wilfried ili asianguke, wakaenda hospitali. Kichwa chake kilikuwa kinalalia bega la Wilfried.

Nimebaki uani na kikombe kitupu. Hakuna aliyeniambia hata kwaheri. Mimi, mwenye huduma!

Ijumaa, tarehe 21 Juni

Nimekwenda hospitali. Juvénal amelala usingizi mzito, mdomo wazi, maji yanadondoka kwenye mshipa. Nimeogopa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Tangu juzi bugali hautaki kushuka kooni.

Wilfried alikuwa pale, akanitoa nje kwenye korido na kunieleza, pole pole, kama mtu anayezungumza na ukuta. Maini ya Juvénal yamepigwa na ile dawa ya nyanya, iliyoingia puani na kupitia ngozini kwa siku zote zile alizokuwa hajifuniki. Hakuna dawa ya kuyafuta yaliyotokea. Ni kupumzika, maji, kuangaliwa, na kungoja kama maini yatajirudisha yenyewe. Mganga wa hospitali hajasema yatajirudisha. Hajasema pia hayatajirudisha. Kuhusu mubirizi, Wilfried hakuudharau. Alisema huenda wasomi wako sahihi, lakini panya wamo sandukuni, wamepimiwa jani na kupimiwa sumu, na hakuna panya aliyevuliwa kitambaa cha pua. Nikamuuliza kama amesoma ukurasa wa 43. Amerudi wodini, nami nikamfuata.

Consolate amekaa chini karibu na kitanda. Akaniuliza jambo moja: ile panya yenye kunywa na kupona, leo iko wapi? Nimelazimika kusema. Imeandikwa ukurasa wa 42, mistari ya katikati. Wote walipasuliwa ili maini yaangaliwe. Amerudisha macho kwa mumewe.

Njiani nimelia kidogo, karibu na kituo cha pikipiki. Halafu nimefikiri. Kama ningekuwa na ukurasa wa 43, haya yasingetokea. Kwa hiyo kosa ni la yule mama wa ndagala.

Jumapili, tarehe 30 Juni

Pasta Patrice amehubiri dakika arobaini juu ya manabii wa majani. Hakutaja jina. Alionyesha kwa kidole. Nilikuwa benchi la tatu.

Nimerudi nyumbani, kibao hakipo. Florentine amekipasua na kukipikia maharage. Nimemwuliza kwa nini. Akasema kuni zilikuwa zimekwisha. Kuni zimejaa nyuma ya nyumba! Nimeyala maharage. Yalikuwa na ladha ya rangi.

Habari ya hospitali: Juvénal amekaa, amekunywa uji, amemtania muuguzi. Macho yanaanza kuwa meupe. Mungu asifiwe. Nilikuwa nimefunga siku mbili bila kumwambia mtu, na ninaandika hapa ili ijulikane kwamba na mimi nilisaidia.

Jumamosi, tarehe 13 Julai

Juvénal yuko nyumbani tangu Jumanne. Mwembamba, suruali ameifunga kwa kamba, lakini anatembea. Mganga amemkataza kuisogelea pompe maisha yake yote. Maini yake, yakipigwa tena, hayatainuka.

Leo nimekwenda kumsalimia, mikono mitupu, kwa unyenyekevu. Nilijiandaa kwa matusi. Consolate hakutukana. Ameingia ndani, akatoka na pompe imejaa, akaiweka miguuni pangu. Nje ya ua majirani wameshajaa, na Wilfried ameegemea pikipiki yake.

"Baba Divine, nyanya zinaliwa na badudu, na mume wangu hawezi tena," akasema. "We uko na kinga, sivyo? Basi, puliza."

Juvénal, kwenye kigoda chake, akasema niachwe, Baba Divine hakuwa na ubaya. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote. Nimeomba dakika tano.

Nyumbani nimevaa koti la mvua la Florentine, mabuti ya shemeji, glavu jozi mbili, miwani ya jua, vitambaa vya pua vitatu, kimoja juu ya kingine, na mfuko wa plastiki kichwani. Kisha nikanywa vikombe viwili vya mubirizi, kwa kanuni. Nimepuliza shamba lote, mistari yote, mgongo wangu upande wa upepo. Consolate aliuliza mbele ya watu kwa nini mwenye kinga amejifunga kama maiti. Nimemjibu kwamba ni jua. Walicheka sana. Wilfried alikaa chini tena.

Wacheke. Nimerudi, nimevua, nimeoga na sabuni mara tatu, nimechukua kioo. Macho meupe! Mkojo mweupe! Bugali nimekula sahani mbili na samaki, na umeshuka bila shida! Mtu amekunywa mubirizi, amepuliza sumu shamba zima, na maini yake hayana hata mkwaruzo. Mbele ya mashahidi! Wilfried mwenyewe ameona! Hii ni zaidi ya panya.

Sasa naona wazi kosa lilikuwa wapi. Mimi nimekunywa vikombe viwili. Juvénal nilikuwa nampa kimoja. Jumatatu asubuhi nitampelekea viwili.